Kadi kwa mshahara, pawa saplai kwa chenji

Kompyuta yangu ilikuwa inatengeneza video, inafika asilimia thelathini na kitu hivi afu tap! kimya. Na sio ile kuzima ya kistaarabu ambapo Windows inakuaga kwanza, hapana, ni kama mtu kapita akachomoa waya ukutani. Feni zinamalizia mzunguko taratibu, kioo cheusi, mi nimekaa na kikombe changu cha chai najiangalia sura kwenye kioo.

Video yenyewe ni ya sendofu, saa moja na dakika arobaini, na mteja anaitaka Jumamosi kwa sababu Jumapili mama wa bibi harusi anapanda basi kurudi Songea na kasema haondoki bila flashi yake. Hiyo ni Jumatano usiku. Nimejaribu mara nne, mara nne imezima.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe nilifikaje hapo, maana ujinga wangu ulianza mapema.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020, ile tawa ya kusimama, mtumba kabisa, ilitoka kwenye ofisi huko Ulaya na stika ya hiyo ofisi mpaka leo ipo ubavuni. Ndani ina prosesa ya i5 ya kizazi cha nne. Kwa kuandika barua na kuangalia mpira haina shida, ila ukifungua Resolve, ile programu ya kuhariri video, ukaweka rangi na kupunguza chenga kwenye video ya ukumbini usiku, utaenda kuoga, utarudi, utaikuta palepale. Kwaiyo nikajichanga miezi kama mitatu nikanunua kadi ya grafiksi, ile inayosaidia mashine kwenye kazi za picha na video, RX 580 ya GB 8, laki mbili na nusu, mtumba pia. Kadi hizi zilitoka 2017 ila zilikuja kumwagika sokoni baada ya tarehe 15 Septemba 2022, siku Ethereum, wale wa sarafu ya mtandaoni, walipobadilisha mfumo wao na uchimbaji wa sarafu hiyo kwa kutumia kadi ukafa siku hiyohiyo, wachimbaji duniani kote wakabaki na makadi mezani kama mtu aliyelima nyanya msimu ambao kila mtu kalima nyanya. Ndo zikatufikia na sisi.

Sasa OptiPlex 9020 ya tawa inakuja na pawa saplai, lile boksi la bati linalogawa umeme ndani ya mashine, ya wati 290, na haina kile kichwa cha pini 8 ambacho kadi kubwa inataka. Afu kuna jambo jingine, Dell kwenye hii mashine hawakutumia ule mkia mpana wa pini 24 ambao dunia nzima inautumia kulisha bodi, ile sahani kuu inayobeba vifaa vyote, wao wameweka wa kwao wa pini 8, kwaiyo hata ukinunua pawa saplai ya kawaida haichomeki mpaka utafute waya wa kugeuza, 24 upande mmoja 8 upande mwingine. Waya unapatikana, sio mwisho wa dunia, ila ni kitu cha kujua kabla hujatoka nyumbani, sio unakijua saa mbili usiku umeshavua bodi. Wenye HP za ofisini nao wana vituko vyao vya aina hiyohiyo.

Basi baada ya kadi hela imebaki kidogo. Nikaingia Kariakoo, duka silitaji maana yule kijana wala hakuwa na nia mbaya, naamini hata yeye alikuwa hajui. Nikamwambia nataka pawa saplai ya kadi ya grafiksi. Akashusha boksi lina picha ya moto na radi, limeandikwa 500W kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Elfu thelathini na tano. Nikauliza, itatosha? Akaniambia, "Bosi wangu, kadi yako inakula 185, hii ni 500, hapo unabaki na mia tatu za kuchezea."

Hesabu imekaa vizuri, ukiisikia tu unatoa hela. Na mimi nikatoa.

Nilipomwonesha kuwa haina kichwa cha pini 8 cha kadi, hakutikisika, akavuta droo akatoa adapta, upande mmoja pini 8, upande mwingine vichwa viwili vya Molex, vile vyeupe vya zamani vya pini nne. Elfu tano nyingine. Leo ndo naelewa kwamba pale pale dukani ile pawa saplai ilikuwa imeshakiri yenyewe. Kitu kinachojiita cha wati 500 halafu aliyekitengeneza hajakiwekea hata mkia mmoja wa kadi, ujue aliyekitengeneza anajua kilivyo, ni mwandishi wa boksi tu ndo hajui.

Nikafunga, ikawaka, nikafurahi, nikacheza gemu moja jepesi, freshi. Wiki nzima freshi. Mpaka siku nilipoipa kazi ya kweli.

Kabla sijaigundua nilihangaika kama mgonjwa anayezunguka kwa waganga. Kwanza nililaumu umeme, maana huku kwetu umeme ukipungua taa inakuwa ya rangi ya chungwa unaiona, nikasema hiyo ndo sababu. Nikahamia chumba kingine, soketi nyingine, hola. Nikasema ni joto, nikavua kadi nikaipuliza vumbi nikabadilisha grisi, nikaacha keisi wazi na feni ya mezani ikiipuliza, hola. Nikafuta draiva nikaweka upya. Nikafuta Windows nzima! Nikaingia kwenye kumbukumbu za Windows nikakuta imeandika Kernel-Power 41, nikafurahi nimepata ugonjwa, kumbe ile inamaanisha tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga, yani inakwambia ulichokwisha kukiona kwa macho. Mwisho nikampelekea jamaa yangu mmoja wa Ubungo ile kadi, akaiweka kwenye mashine yake, akaipiga gemu zito saa mbili na nusu, kadi inaunguruma tu haina habari. Akanipigia simu swali moja: "Stika ya pawa saplai yako imeandikaje kwenye volti 12?"

Nikamwambia wati 500. Akasema sijakuuliza wati. Kwenye volti 12 kuna ampea ngapi?

Nikalala chini na tochi ya simu.

Ile stika ya pembeni, sio ya boksi, ile iliyobandikwa kwenye bati lenyewe, ina kajedwali kadogo. Kuna +3.3V, kuna +5V, kuna +12V, na chini ya kila moja ampea zake. Ya kwangu kwenye +12V iliandikwa 15A. Zidisha mwenyewe, 12 mara 15, ni 180. Wati mia na themanini, ndugu zangu. Na karibu kila kitu kinachokula umeme kwenye kompyuta ya leo kinakula kwenye volti 12, kadi inakula hapo, prosesa inakula hapo, feni zinakula hapo. Kadi peke yake 185, prosesa yangu kiwanda kinaisema 84, bado diski na bodi. Namwambia punda abebe magunia matatu, kwenye makaratasi yake kumeandikwa gunia moja na nusu.

Mia tano ilitoka wapi? Nilijaribu kujumlisha namba zote kwenye ile stika, 3.3 na 5 na 12 na vile vidogo, hata hapo haikufika mia nne. Nadhani waliipenda tu. Kuna nyingine wanaandika neno la kilele, maana yake kwa kufumba na kufumbua inaweza kufika hapo, sio kukaa hapo saa nzima, hizo angalau zina aibu kidogo.

Zamani kweli mashine zilikuwa zinakula zaidi kwenye volti 5, prosesa za wakati ule zililishwa kutoka huko, na kuanzia mwaka 2000 wakati wa Pentium 4 ndo kikaja kile kichwa kidogo cha pini nne cha volti 12 kwa ajili ya prosesa, mzigo ukahamia huko na haujawahi kurudi. Ukikuta pawa saplai ina ampea nyingi kwenye 5 na chache kwenye 12, umeshika ramani ya zamani iliyovalishwa bati jipya. Nzuri utaikuta karibu wati zake zote zinapatikana kwenye 12. Niliyonayo sasa hivi imeandikwa 550 na kwenye 12 ina 45A, zidisha, 540. Hiyo ndo mia tano na hamsini ya kweli.

Afu uzito. Siku nimenunua ya pili nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilizibeba zote mbili mpaka dukani kwa Mangi nikaomba mizani. Mangi akaangalia yale mabati akaniuliza unauza chuma chakavu? Ile ya 35,000 haikufika kilo, haikufika hata pakiti ya sukari iliyokuwa pembeni. Mpya ikapita kilo moja na robo tatu. Sisemi mtu anunue kwa kilo kama nyama, wapo waliowahi kuweka vipande vya chuma ndani ili kitu kiwe kizito, ila ukishika mkononi ukaona nyepesi kama redio ya mbao, jiulize transfoma na kapasita zimekaa wapi humo.

Turudi kwenye adapta maana hapa ndo watu wanaunguza nyumba. Kadi inapata umeme sehemu mbili. Ile tundu ya kwenye bodi inayochomekwa inatoa mpaka wati 75. Zaidi ya hapo inataka waya kutoka kwenye pawa saplai, kichwa cha pini 6 kinahesabiwa wati 75, cha pini 8 wati 150. Ndo maana kadi kama GTX 1650 nyingi, au ile RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 ambayo ni wati 70, hazina tundu la waya kabisa, zinakula kwenye bodi tu zinashiba. Wenye zile Dell nyembamba za kulala mezani na pawa saplai ya wati 255, hapo ndo penu, msihangaike na RX 580 kama mimi, tafuteni kadi ya aina hiyo, fupi, mtulie.

Sasa kuna adapta inatoka kwenye kichwa cha SATA, kile bapa cha diski, inakwenda kuwa pini 6 au hata pini 8. Kile kichwa cha SATA kwenye volti 12 kimetengenezwa kubeba ampea 4 na nusu, ambayo ni wati 54. Kadi ikiona pini 8 inajua ina ruhusa ya 150. Itavuta. Haina macho ya kuona kwamba nyuma kuna vipini vyembamba kama sindano. Plastiki inalainika, inakuwa kahawia, inanuka, na ukiwa umewasha ubani ndani kama kwetu Ijumaa hutasikia harufu mapema. Ile ya Molex mbili ni afadhali kidogo kuliko ya SATA, ila hata yenyewe nilipoivua ya kwangu mkono mmoja ulikuwa umeshaanza kubadilika rangi. Nimeikata na mkasi ili mtu wa nyumbani asije akaiokota akadhani nzima.

Na kadi ikiwa na matundu mawili ya pini 8, vuta waya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai. Kuna waya mmoja unakuja na vichwa viwili vimefuatana kama mnyororo, unavutia kwa sababu unaonekana nadhifu, kwa kadi ndogo hauna neno, ila kwa kadi inayokula mia tatu unalazimisha mzigo wote upite njia moja.

Kingine ambacho jamaa wa Ubungo alinieleza na mimi nikaenda kukisoma vizuri baadaye ni kwamba kadi haili kwa utulivu. Kwenye karatasi ni 185, ila ndani ya sekunde moja inapanda na kushuka mara nyingi sana, kama mtu anayekula kwa pupa afu anapumzika. Kwenye RTX 3080, ambayo kiwanda kinaitaja kwa wati 320, na 3090 ya 350, watu walianza kulia zilipotoka 2020 kwamba pawa saplai nzuri tu za wati 650 na 750 zinazima katikati ya gemu, kumbe kwa muda mfupi ambao huwezi hata kuuhesabu kadi inavuta karibu mara mbili ya ilichoandikiwa, pawa saplai inadhani kuna shoti inajifunga. Ndo maana mwaka 2022 ilipotoka ATX 3.0, kanuni mpya za kutengeneza pawa saplai, wakaandika kwamba pawa saplai kubwa za kisasa zinazolisha kadi hizi zivumilie mpaka asilimia 200 kwa maikrosekunde 100, yani sehemu ya elfu kumi ya sekunde. Kwaiyo ukikuta NVIDIA, wenye hizi kadi za RTX, wameandika RTX 3060 inataka pawa saplai ya 550 wakati yenyewe inakula 170, usiwacheke. Wanahesabu na zile ruka-ruka, wanahesabu na prosesa ya mtu asiyejulikana, na nadhani wanamhesabu na yule mwenye boksi la radi.

Hesabu yangu mimi ya mtaani: kadi, jumlisha prosesa, jumlisha 50 za mengineyo, afu ongeza nusu yake juu. Kwangu 185 na 84 na 50 ni 319, ukiongeza nusu yake inakaribia 480, basi 550 inatosha na inabaki. Ukiifanyia 3080 na prosesa ya wati 125 inakuja 742, na NVIDIA wenyewe wanasema 750. Sio sayansi, ila haijanidanganya. Muhimu tu hizo wati ziwe za kwenye 12.

Nikianza kusema haya watu wananiuliza, sasa kaka si bora ninunue ya wati 1000 kabisa nimalize? Afu mwingine anauliza, haitamaliza uniti za LUKU? Hapana. Pawa saplai haili wati zake, inatoa kinachoombwa. Mashine ikiomba 300, ya 550 itatoa 300 na ya 1000 itatoa 300. Kinachokuongezea uniti ni upotevu wa njiani, kile kinachogeuka joto. Ndo kazi ya ile alama ya 80 PLUS. Ilianza 2004, ya kwanza ilitaka asilimia 80 ya umeme uliovutwa ukutani ufike kwenye mashine, afu zikaja ngazi, Bronze ni asilimia 85 ikiwa imebeba nusu mzigo, Gold ni 90. Tuchukulie mashine inaomba 300 saa nne kila siku. Pawa saplai ya asilimia 75 itavuta 400 ukutani, uniti 1.6 kwa siku. Ya 85 itavuta kama 353, uniti 1.4. Kwa mwezi ni tofauti ya uniti tano na nusu au sita. Sio ya kuuza mbuzi. Kwaiyo Bronze inanitosha, Gold wachukue wanaowasha mashine kutwa kucha.

Ila kuna kosa hapo ambalo hata mimi nililifanya, kudhani ile alama ni cheti cha ubora. Sio. Inapima ufanisi tu. Haisemi kama inajizima vizuri kukiwa na shoti, haisemi kapasita zake zitaishi miaka mingapi. Mwaka 2021 Gigabyte walikuwa na pawa saplai mbili, P750GM na P850GM, zote Gold, na zilikuja kuwa na sifa ya kulipuka kwenye majaribio, mpaka mwezi wa nane wakatoa taarifa ya kupunguza kiwango cha kujizima na kukubali kubadilishia watu. Na uchungu zaidi ni kwamba ulikuwa ule wakati kadi ni adimu, na kuna duka kubwa la mtandaoni Marekani lilikuwa linakuuzia kadi kwa sharti la kubeba na pawa saplai hiyo. Yani mtu kapata kadi kwa bahati nasibu, kapewa na bomu lake.

Kwenye kadi kubwa za sasa kuna kile kichwa kipya cha pini 12 na vipini vinne vidogo, kinabeba mpaka wati 600 peke yake. RTX 4090, wati 450, ilitoka Oktoba 2022 na mwezi haujaisha picha za vichwa vilivyoyeyuka zikawa kila mahali. NVIDIA wakasema vingi havikuchomekwa mpaka mwisho, na 2023 kikaja toleo lililorekebishwa, vipini vidogo vimefupishwa ili kama hujasukuma mpaka ndani kadi ikatae kula. Sina kadi hiyo na kwa hali hii ya sendofu sitakuwa nayo karibuni, ila kama unayo sukuma mpaka usikie imekaa, na usiukunje waya palepale shingoni.

Waya za kuchomoa nazo, zile pawa saplai ambazo waya usizozihitaji unazichomoa. Nzuri sana, keisi inakuwa safi. Ila usichukue waya wa pawa saplai moja ukachomeka kwenye ya kampuni nyingine eti kwa sababu umeingia. Upande wa mashine vichwa ni vya kawaida, ila upande wa pawa saplai kila mtu kapanga pini zake anavyojua. Kuna kijana namfahamu alipoteza diski mbili za SSD kwa sekunde moja namna hiyo, volti 12 ilikwenda mahali pa volti 5. Alikaa kimya kama dakika tano.

Na kwa wale mnaotumiwa mashine na ndugu walioko Marekani, geuza nyuma uangalie kama pawa saplai ina kaswichi kekundu kadogo, 115 na 230. Za kisasa nyingi hazina, zinapokea kuanzia 100 mpaka 240 zenyewe. Ila za zamani na za bei chee zinako, na kule kalikuwa kwenye 115, na sisi ukutani ni 230. Anko alimtumia binamu yangu mashine, imefungwa kwenye blanketi, imevuka bahari miezi miwili, tukaichomeka sebuleni mbele ya familia nzima. Mlio ule bibi alidhani ni tairi la bajaji.

UPS nayo, lile boksi la betri la kushikilia mashine umeme ukikatika, wengi wanajidanganya. Imeandikwa 650VA, mtu anasoma kama wati 650. Nyingi za hivyo ni wati 360 au 390. Ukiwa na kadi inafanya kazi umeme ukakatika, UPS inapiga kelele mara moja inazima na wewe, heri hata usingekuwa nayo maana ungekuwa umezoea. Mimi yangu nimeiwekea sheria, umeme ukienda nabonyeza kusimamisha kazi kwanza, kadi inashuka, afu ndo nahifadhi.

Sasa sendofu.

Alhamisi sikuwa na hela ya pawa saplai mpya, mteja alikuwa amelipa nusu na nusu ile ilikuwa imeshakuwa ada ya shule. Jamaa wa Ubungo akaniambia kabla hujalia, fungua programu ya AMD, wenye kadi yako, kuna sehemu ya kupunguza kiwango cha umeme wa kadi, kibane mpaka kigome, afu shusha na kasi ya kadi. Nikakibana. Nikazima na mambo mengine yote, diski ya pili nikaichomoa, keisi wazi. Nikabonyeza saa tatu usiku. Asilimia 31 ikapita. Nilikuwa nimesimama. Asilimia 40. Mama watoto akatoka chumbani akauliza mbona husemi na mtu, nikamwambia usitembee karibu na soketi. Ilienda taratibu, taratibu kweli, ilimaliza saa kumi na robo alfajiri, na mimi nilikuwa kwenye kiti nimelala mdomo wazi. Ijumaa nikaitazama yote kutafuta makosa, Jumamosi flashi ikakabidhiwa, mama akaenda Songea na video yake.

Hela ya nusu ya pili ndo iliyonunua ile ya wati 550, laki moja na sitini. Roho iliniuma kidogo, ni zaidi ya nusu ya bei ya kadi. Ile video ile ile, siku ya kwanza ya pawa saplai mpya niliirudia kwa kutaka tu kuona, kadi imeachiwa ile chakula chake chote, ikamaliza kabla sijamaliza kula.

Ile ya 35,000 ipo juu ya kabati. Watu wananishauri niifungue nitoe feni, sijaifungua, zile kapasita zinaweza kukaa na chaji hata ukiwa umechomoa ukutani na mimi sina haraka ya kukutana nazo. Kijana wa jirani aliiona juzi akasema nimuuzie, nikamwambia sikuuzii, sikupi.

Yeye mwenyewe ana laki tatu, anataka kadi ya kuchezea gemu, kaniuliza achukue ipi. Nimemwambia kwanza afungue ubavu wa mashine, anipigie picha ya stika ya pawa saplai aliyonayo, ile ya kwenye bati. Amenitumia picha ya boksi la kadi. Nikamjibu, stika. Akatuma picha ya mashine nzima kwa mbele, ina taa nzuri kweli, kijani na zambarau. Tangu jana bado nasubiri stika.